Mgeni mmoja anapogandisha seva nzima: maswali tunayoulizwa kuhusu CVE-2018-12207

Ninatunza seva za watu hapa Dar es Salaam: maduka ya dawa, ofisi za uhasibu, shule, zahanati. Nyingi ni za mtumba, zilifanya kazi ughaibuni miaka kadhaa kabla ya kushushwa bandarini, na karibu zote zina prosesa za Intel za kabla ya 2019. Ndiyo maana udhaifu ambao kwingine umeshasahaulika, kwetu bado upo kazini kila siku. Maswali haya ndiyo ninayoulizwa zaidi, na nimeyajibu jinsi ninavyowajibu wenye seva nikiwa nimesimama nao mbele ya mashine.

Udhaifu huu ni upi hasa?

Ni kasoro ya prosesa za Intel iliyotangazwa tarehe 12 Novemba 2019 kwa namba CVE-2018-12207 (CVE ni orodha ya kimataifa ya udhaifu wa kompyuta). Mtu mwenye mamlaka ya juu ndani ya mashine pepe moja (kompyuta iliyotengenezwa kwa programu ndani ya seva) anaweza kuigandisha seva halisi iliyoibeba, na mashine pepe zote za watu wengine zilizomo zikaganda nayo. Haibi faili, hasomi nywila ya mtu, wala haandiki chochote kwenye diski ya jirani. Anachopata ni kukata huduma ya wote kwa mpigo.

Fikiria nyumba ya kupanga Manzese, wapangaji sita, mita ya LUKU moja. Mmoja akichomeka jiko bovu, swichi kubwa inadondoka na vyumba sita vinakuwa giza. Hakuingia chumbani kwa mtu wala hakuvunja kufuli, lakini samaki wa Mama Mwajuma kwenye friji wameharibika.

Mwenyeji na mgeni ni nani katika habari hii?

Mwenyeji ni seva halisi, lile boksi lenye feni na nyaya, pamoja na programu inayoigawa, ambayo mafundi huiita haipavaiza. Mgeni ni kila mashine pepe iliyopewa kipande chake. Mgeni ana kerneli yake (kiini cha mfumo endeshi), watumiaji wake na mtumiaji wake mkuu, na anajiona kama kompyuta kamili.

Prosesa inagandaje?

Kumbukumbu ya kompyuta hugawanywa kwenye kurasa. Ukurasa wa kawaida ni KB 4. Kwa kuwa seva ya leo ina kumbukumbu nyingi, kuhesabu kurasa ndogo namna hiyo ni kazi kubwa, kwa hiyo zipo pia kurasa kubwa za MB 2 na GB 1. Kila ukurasa una anwani mbili: ile inayoonekana na programu, na ile halisi kwenye chipu za kumbukumbu. Tafsiri ya anwani hizo imeandikwa kwenye daftari kuu, na prosesa huweka nakala za tafsiri ilizotumia karibuni kwenye kijidaftari chake cha ndani ili isirudi daftari kuu kila mara. Kipo kijidaftari maalumu kwa ajili ya maelekezo ya programu, yaani msimbo unaotekelezwa. Kasoro iko hapo.

Ukurasa ukibadilishwa ukubwa, na pamoja na ukubwa ikabadilishwa anwani halisi au namna unavyohifadhiwa kwenye kashe (kumbukumbu ndogo ya haraka ya prosesa), huku kijidaftari bado kina tafsiri ya zamani, prosesa inaweza kukuta tafsiri mbili kwa anwani moja. Ni kama abiria wawili Kituo cha Magufuli pale Mbezi wenye tiketi mbili halali za kiti kimoja. Kondakta angewasuluhisha. Prosesa haina njia ya kusuluhisha. Inatangaza hitilafu ya mashine, na mara nyingine inaganda kabisa, hakuna kitu kinachoweza kuirudisha isipokuwa kuzima umeme na kuwasha.

Kerneli yenye nia njema husafisha kijidaftari kabla ya kubadilisha ukurasa, na ndiyo maana watu wengi hawajawahi kuliona tatizo hili. Lakini ndani ya mashine pepe kerneli ni ya mgeni. Akiamua kutosafisha, hakuna aliyekuwa akimzuia.

Kiraka, yaani marekebisho ya programu, kinazuiaje?

Kwa njia ninayoiona ya busara sana. Mwenyeji anaziwekea kurasa zote kubwa alama kwamba msimbo hauruhusiwi kutekelezwa humo. Mgeni akitaka kutekeleza msimbo kwenye ukurasa mkubwa, mwenyeji anauvunja vipande vya KB 4 na kuruhusu vipande hivyo tu. Matokeo yake ni kwamba kijidaftari cha maelekezo kinakuta kurasa za ukubwa mmoja, na ule mgongano wa tafsiri mbili hauna pa kutokea. Kurasa kubwa zenye data tu zinabaki kubwa.

Angalia kwamba kazi yote inafanywa na mwenyeji. Usasishe mashine pepe kumi zilizomo, bila kugusa mwenyeji hujafanya kitu kuhusu udhaifu huu. Vilevile kusasisha BIOS (programu ya kuwashia mashine) pekee hakuondoi kasoro.

Nitajuaje kama seva yangu imekingwa?

Kama mwenyeji ni Linux yenye KVM, haipavaiza iliyomo ndani ya Linux (Proxmox imo humo), ingia kwenye mwenyeji mwenyewe na uandike:

cat /sys/devices/system/cpu/vulnerabilities/itlb_multihit

Utajibiwa mstari mmoja. "KVM: Mitigation: Split huge pages" maana yake kinga inafanya kazi, kurasa zinavunjwa kama nilivyoeleza. "Not affected" maana yake prosesa yako haina kasoro hii. "KVM: Vulnerable" maana yake mlango uko wazi. "KVM: Mitigation: VMX disabled" huwachanganya watu (VMX ni uwezo wa prosesa za Intel wa kuendesha mashine pepe): mara nyingi inamaanisha tu kwamba kwa wakati huo hakuna mashine pepe inayokimbia. Washa mojawapo kisha usome tena.

Tafadhali fanya hivi leo. Ni dakika moja, husomi chochote cha mteja, na huhitaji kuzima kitu.

Nimeandika amri hiyo nikaambiwa "No such file or directory". Nimekosea?

Kama umenakili bila kosa, hapana, umeshajibiwa: kerneli yako ni ya zamani kuliko kiraka, kwa hiyo haijui hata kwamba udhaifu huu upo. Kinga iliingia kwenye Linux Novemba 2019, toleo la 5.4 linayo, na kerneli nyingi za zamani zilizokuwa bado zinatunzwa zilirudishiwa.

Jibu hilo nililipata mimi mwenyewe, kwenye zahanati ambayo sitaitaja. Seva moja ya mtumba, prosesa mbili za Xeon, kerneli ya 4.15 ambayo hakuna aliyeigusa tangu ifungwe. Ndani yake mashine pepe nne: kumbukumbu za wagonjwa, stoo ya dawa, hesabu, na ya nne walipewa vijana fulani wajaribie mfumo wao, kwa wema tu, kwa sababu nafasi ilikuwepo. Asubuhi moja ya masika seva ikaganda. Nilipofika, taa za mbele zilikuwa zinawaka na feni zinavuma kama kawaida, lakini skrini ilikuwa imesimama kwenye saa 2:47, haisogei, kibodi haiitikii. Dirishani muuguzi alikuwa ameshafungua kauntabuku, amechora mistari kwa rula, anaandika majina ya wagonjwa kwa mkono. Mama mmoja mwenye mtoto mwenye homa alikuwa anaulizwa upya dozi aliyopewa juzi. Hakumbuki. Dozi hiyo ilikuwa ndani ya boksi lile, mita tatu kutoka alipokaa.

Tuliiwasha upya ikarudi. Nikaandika ile amri. Faili za meltdown na spectre, udhaifu mwingine wa prosesa, zilikuwepo kwenye folda, hii haikuwepo. Sikuwahi kuthibitisha kwamba vijana wale ndio waliosababisha, na siwatuhumu. Kilichonikera ni kwamba kwa zaidi ya miaka mitatu mtu yeyote mwenye mamlaka ndani ya mashine ile ya majaribio angeweza kuwafungia dirisha wagonjwa wote, na dawa ya tatizo ilikuwa inapatikana bure.

Kinga itapunguza kasi?

Kidogo, na inategemea kazi. Kuvunja kurasa kunaongeza kazi ya kutafsiri anwani, na madaftari ya kurasa ndogo yanachukua kumbukumbu zaidi. Kwenye seva za hesabu, stoo na tovuti za kawaida sijaona mteja akilalamika. Linux pia haiachi kurasa zikiwa vipande milele: kuna kazi ya nyuma ya pazia inayovirudisha taratibu vipande ambavyo pengine havitumiki tena kwa msimbo.

Fundi aliniwekea "mitigations=off" ili seva iwe nyepesi. Ina uhusiano?

Ndiyo, tena mkubwa. Neno hilo moja kwenye mstari wa kuwashia kerneli huzima rundo la kinga za prosesa kwa pamoja, na hii imo. Nimelikuta kwenye seva nyingi hapa mjini kwa sababu mashine za mtumba ni nzito na fundi anataka mteja aone tofauti siku hiyo hiyo. Kwenye mashine yako ya nyumbani ni uamuzi wako. Kwenye seva inayobeba wateja tofauti mimi ninaliondoa bila mjadala. Kama kuna sababu ya lazima ya kuliacha, angalau ongeza kvm.nx_huge_pages=force kwenye mstari huo huo; kinga hii itabaki hata nyingine zikizimwa.

Prosesa zangu ni AMD.

Hazihusiki na udhaifu huu.

Natumia haipavaiza nyingine: Hyper-V, ESXi au Xen. Je?

Wote walitoa viraka pamoja na Intel Novemba 2019. Xen waliandika kwenye tangazo lao XSA-304, VMware, wenye ESXi, kwenye VMSA-2019-0020. Kwa Hyper-V kuwa makini: kusasisha Windows peke yake hakutoshi, kinga inawashwa kwa kuweka thamani IfuErrataMitigations kwenye rejista ya Windows (hifadhi ya mipangilio yake), chini ya ufunguo wa Virtualization. Kwa ESXi nako soma maelekezo ya tangazo hadi mwisho kabla hujahitimisha kwamba umemaliza.

Nimekodi VPS (mashine pepe ya kukodi) kwa kampuni. Nifanye nini?

Wewe ni mpangaji, swichi kubwa haiko chumbani kwako. Na usidanganyike na ile amri: ukiiandika ndani ya VPS inakueleza habari za kerneli yako wewe, haisemi lolote kuhusu mwenyeji. Mara nyingi utaona "VMX unsupported" kwa sababu tu hujaruhusiwa kuendesha mashine pepe ndani ya mashine pepe, na watu hutulia wakidhani wamekingwa.

Waandikie wanaokukodisha. Waulize mwenyeji wako anatumia prosesa gani, kinga ya CVE-2018-12207 imewashwa au la, na mara ya mwisho mwenyeji huyo kuwashwa upya baada ya kusasishwa kerneli ilikuwa lini. Swali la tatu ndilo linalofichua mengi. Kerneli mpya iliyopakuliwa bila seva kuwashwa upya imelala kwenye diski tu. Mtoa huduma makini hachukii maswali haya. Akikujibu kwa ukali, wewe mwenyewe utajua la kufanya ifikapo siku ya kulipia mwezi.

Naona udhaifu huu umepewa alama 6.5 kati ya 10, "wastani". Kwa nini ulivalie njuga?

Alama hiyo ni sahihi kwa hesabu zake: siri haziguswi, data haibadilishwi, kinachopotea ni upatikanaji wa huduma peke yake. Lakini alama haijui nani yuko upande wa pili wa dirisha. Duka la jumla Kariakoo likikosa mfumo wake kuanzia saa tatu hadi saa sita asubuhi, wateja wa mikoani wenye basi la kuwahi wanavuka barabara kwa jirani. Hawarudi mchana. Shambulio hili linaweza kurudiwa: ukiwasha seva, aliyeigandisha anaigandisha tena, na wewe hujui ni mgeni yupi kati ya kumi.

Naomba pia tuache kumfariji mteja kwa maneno "hakuna data iliyoibiwa". Ni kweli, na ni vizuri aambiwe. Lakini aliyekosa huduma amekosa huduma.

Nani hasa anaweza kufanya shambulio hili?

Mwenye uwezo wa kuendesha kerneli anayoitaka ndani ya mashine pepe. Hiyo ni pamoja na mpangaji halali aliyelipia, na mwizi aliyeingia kwenye mashine pepe ya mpangaji halali kwa nywila dhaifu. Watu husahau huyu wa pili. Kama wageni wote kwenye seva ni wako na umeifunga vizuri, hatari ni ndogo. Kama umemkaribisha hata mgeni mmoja usiyemdhibiti, kama ile zahanati, hesabu inabadilika.

Vipi kuhusu kontena, au VirtualBox kwenye laptopu yangu?

Kontena hutumia kerneli ya mwenyeji, haina kerneli yake ya kuchezea kurasa, kwa hiyo njia hii haipo kwake. Kwenye laptopu, wasiwasi uwepo tu kama unaendesha mashine pepe uliyopakua kwa mtu usiyemjua.

Seva yangu iliganda jana. Ni udhaifu huu?

Huenda, lakini usianze hapo. Dar ni joto na unyevu, na seva nyingi zimewekwa kwenye kabati lisilo na hewa. Umeme nao unapanda na kushuka. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, nilipigiwa simu na watu waliokuwa na uhakika kwamba seva zao zimekufa. Zilikuwa nzima, intaneti ndiyo iliyokuwa imekatika.

Ukitaka kutofautisha, kumbukumbu za Linux hazitakusaidia sana, kwa sababu prosesa iliyoganda haipati nafasi ya kuandika chochote. Utaona mistari ya kawaida, kisha pengo, kisha mistari ya kuwaka upya. Nenda kwenye kidhibiti kidogo kinachojitegemea ndani ya seva, iDRAC kwa Dell au iLO kwa HP, usome daftari lake la matukio. Kwenye Dell, hitilafu ya namna hii inaweza kuandikwa kama kosa la ndani la prosesa, IERR. Likiwepo, umejua kwamba prosesa ndiyo iliyosimama. Hujajua bado kwa nini: joto, chipu mbovu na moduli mbovu ya kumbukumbu nazo huweza kuacha alama za aina hiyo. Angalia kama imejirudia, na kila ilipojirudia mashine pepe gani ilikuwa imewashwa muda mfupi kabla.

Niripoti wapi nikiamini nimeshambuliwa?

TZ-CERT, kitengo cha kitaifa cha kushughulikia matukio ya usalama wa kompyuta kilicho chini ya TCRA (mamlaka ya mawasiliano), hupokea taarifa za aina hii. Hifadhi daftari la matukio la seva na usifute mashine pepe unayoishuku. Kuvuruga mfumo wa mtu kwa makusudi bila ruhusa ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na hilo linakuhusu na wewe: usijaribu udhaifu huu kwenye VPS uliyokodi "ili kuona tu". Majirani zako ndio watakaoganda.

Hii ni mara ya kwanza kwa mgeni kuweza kumwangusha mwenyeji?

Hapana. Novemba 2015 zilitangazwa CVE-2015-5307 na CVE-2015-8104. Humo mgeni aliiweka prosesa kwenye hali ambayo kupeleka taarifa ya kosa kulizaa kosa lile lile, ambalo nalo lilitaka kupelekwa, bila mwisho. Prosesa haikutoka tena mikononi mwa mgeni. Ziligusa Xen, KVM, Hyper-V na VirtualBox. Mei mwaka huo huo ulitangazwa VENOM, CVE-2015-3456, ambao ulikuwa mbaya zaidi kwa sababu ulitokana na msimbo wa kuigiza kiendeshi cha disketi ndani ya QEMU, programu ya kuigiza kompyuta, na uliweza kumpa mgeni zaidi ya kuzima tu. Msimbo huo ulikuwa na kasoro tangu 2004, disketi zikiwa zimeshatupwa na kila mtu.

Seva ni moja, haina mbadala. Niiwashe upya lini?

Saa nane usiku katikati ya wiki ndiyo yangu, baada ya kuchukua nakala rudufu na kuhakikisha nimeweza kuifungua. Mwezi wa Ramadhani muda huo haufai, watu wako macho kwa daku na maduka ya mtandaoni yana wateja. Subiri baada ya alfajiri. Waambie wateja siku mbili kabla. Na usifanye kazi hii kwa mbali kama iDRAC haijaunganishwa, utajikuta unatafuta bodaboda usiku wa manane kwenda kubonyeza kitufe.

Nimekuta "Vulnerable", ni saa nne asubuhi, wateja wako kazini. Nifanye nini sasa hivi?

Kama faili lipo na linasema hivyo, kerneli yako inayo kinga, imezimwa tu, na inawashwa bila kuzima mashine pepe. Ukiwa root (mtumiaji mkuu) kwenye mwenyeji:

echo force > /sys/module/kvm/parameters/nx_huge_pages

Soma tena itlb_multihit. Inapaswa kusema "Split huge pages". Mashine pepe zinaweza kupungua kasi kwa muda mfupi huku kurasa zikipangwa upya. Kisha, kabla hujainuka kwenye kiti, andika kvm.nx_huge_pages=force kwenye mipangilio ya kuwashia kerneli na uisasishe, kwa sababu ulichofanya kwa echo kitafutika TANESCO wakikata na jenereta ikachelewa. Ukishaweza kuiwasha upya usiku, soma ule mstari mara ya tatu.